Barua kutoka Louisville: Jina la Askari Mlangoni

Mjomba,

Huku Louisville, jimbo la Kentucky, joto limeshapanda. Kiswahili hakinipotei, maana Wakongomani ni wengi. Nikienda kununua sombe naamkiana na watu kana kwamba niko sokoni kwetu Mbumbuni.

Nimelifikiria sana lile ulilonigusia kwenye simu: kwamba Mbumbuni ikijaliwa kituo cha vijana, kipewe jina la yule sajini mstaafu wa polisi anayewafundisha watoto mpira kila jioni. Uliniuliza kama huku jambo hilo lipo. Mji huu una kisa chake, nacho kinanigusa kila nikipita barabara ya South Fourth.

Pale kuna jengo la Columbia Gym, sasa mali ya Chuo Kikuu cha Spalding, na juu ya mlango wake imening'inizwa baiskeli nyekundu. Mwaka 1954 mtoto wa miaka 12 aliibiwa baiskeli yake hapo. Aliambiwa kuna polisi ghorofa ya chini, akashuka huku analia na kuapa kwamba atamtwanga mwizi. Polisi huyo, Joe Martin, alikuwa akifundisha ndondi humo nje ya saa za kazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ajifunze kupigana kwanza kabla ya kutafuta wa kumpiga. Mtoto huyo alikuwa Cassius Clay, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Muhammad Ali. Enzi hizo weusi na weupe walitengwa karibu kila mahali mjini, lakini kwa Martin, aliyekuwa mzungu, watoto wa rangi zote walifanya mazoezi pamoja. Na mwaka 1960, kijana alipoogopa kupanda ndege kwenda Olimpiki ya Roma, Martin ndiye aliyekaa naye bustanini kwa saa nyingi akimbembeleza mpaka akakubali. Akarudi na dhahabu.

Leo jina la Ali liko kwenye uwanja wa ndege, barabara kuu na jumba la makumbusho lililofunguliwa 2005. Martin hatajwi sana. Mimi naona anastahili zaidi ya hapo.

Lakini, mjomba, polisi wa mji huu huu ndio waliovunja mlango wa Breonna Taylor usiku wa Machi 2020 wakampiga risasi akafa. Alikuwa na miaka 26, mhudumu wa afya. Vijana walijaa barabarani miezi mingi. Ukiwaendea vijana hao na bango lenye jina la askari, watakuuliza ni askari gani na aliwafanyia nini. Na huko kwetu Kenya, tangu maandamano ya Juni 2024, wako wengi wanaosikia neno polisi na kukumbuka wenzao waliouawa kwa risasi nje ya Bunge. Usidhani Mbumbuni iko mbali na hayo. Wazazi wangapi wa hapo wana watoto Nairobi?

Kwa hiyo jina lisitolewe kwa ajili ya sare. Mwanariadha Kipchoge Keino alikuwa polisi, akifundisha mazoezi ya viungo pale chuo cha Kiganjo. Uwanja wa Eldoret ulipewa jina lake, na hakuna aliyeuliza cheo chake kilikuwa nini: watu walimjua kwa dhahabu za Olimpiki za 1968 na 1972, na kwa watoto yatima aliowalea na mkewe nyumbani kwao.

Sajini wetu nani atamsemea? Huko kwetu Makueni mnayo desturi nzuri ya kuanzia mikutano ya maendeleo kijijini kabla haijafika wadi na kaunti. Itumieni. Naomba wale waliopitia mikononi mwake wasimame kwanza, kabla ya chifu na kabla ya mheshimiwa yeyote, waseme aliwanunulia viatu lini, alimtoa nani kituo cha polisi, alimrudisha nani shuleni. Wakikaa kimya, basi kiiteni Kituo cha Vijana cha Mbumbuni, inatosha. Wakisema, andikeni jina lake, na chini yake kazi aliyoifanya, kwa Kikamba na Kiswahili. Naye aulizwe mapema kama anataka. Mstaafu ana haki ya kukataa.

Mkutano ukipangwa saa nane mchana, huku itakuwa saa moja asubuhi, sijaingia kazini. Niwekee simu mezani nisikie.

Mpwa wako