Kona ya kulia imekufa, nani ameiua?

Leo tunawaandikia juu ya ugomvi wetu wa laptopu hapa Kabalagala.

Tuko na laptopu sita za kutumika, kwenye chumba kimoja karibu na Ggaba Road. Zote zilikuwa na Ubuntu 16.04, juu ni ya bure. Machi 2021 msaada wake wa kawaida ulikuwa unakaribia kuisha, ulibakia mpaka Aprili. Basi Jumamosi moja sisi wavolontia tulinunua bando, tukahifadhi mafaili, tukaweka 18.04 upya. Tulifurahi sana. Hatukuuliza mtu.

Jumatatu vita ikaanza. Watu walizoea kubonyeza kona ya chini kulia ya tachipadi ili menyu ya kukopi itoke. Sasa kona inakataa, inafanya kama upande wa kushoto tu. Mama mmoja wa darasa la jioni akasema, "Watoto wangu, mumeharibu mashine." Dada yetu mmoja alikuwa anajaza fomu ya skolashipu, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Tulimwonyesha njia ya kibodi, akamaliza, lakini usiku ule hakutusalimia.

Tukagawanyika. Wengine: "Rudisheni ya zamani!" Sisi tukajibu kwa kiburi, "Mtazoea." Wengine wakasema tumebadilisha vyuma tukauza vile vizuri. Hiyo iliuma.

Kumbe hakuna kilichovunjika. Draiva ya zamani ya Synaptics ilikuwa imeachia nafasi mpya inayoitwa libinput. Hii mpya inajua njia mbili: kuangalia kona, au kuhesabu vidole. GNOME 3.28, iliyotoka Machi 2018 na ndiyo iko ndani ya Ubuntu 18.04, ilichagua kuhesabu vidole. Kidole kimoja ni kushoto, viwili ni kulia. Nchi nyingine pia watu waligombana juu ya jambo hilihili. Dawa yake ni ndogo: unaweka programu ya Tweaks, unaingia sehemu ya kibodi na mausi, unachagua njia ya kona. Dakika tano kwa kila mashine.

Lakini kosa letu halikuwa draiva. Sisi wakimbizi tunajua vizuri kubadilishiwa mambo bila kuambiwa. Unafika mapema kwenye foleni, unaambiwa siku imehamishwa, karatasi inayotakiwa ni nyingine. Tunalalamika kila siku. Halafu tulipopata nenosiri la laptopu sita tu, tukawafanyia ndugu zetu vilevile, tena tukawaambia watazoea.

Tulimwomba yule mama msamaha, na dada pia. Sasa tuko na sheria moja ukutani: hakuna kubadilisha kitu kabla ya kutangaza wiki moja, na laptopu moja inajaribiwa kwanza na watu wa darasa la jioni, si sisi.

Na nyinyi kwenye kituo chenu, nani anashika nenosiri? Anawauliza?