Mvua ya Kimilili

Sisi watu wa pwani tumezoea mvua itokayo baharini. Ya Kimilili hushuka mlimani. Msafiri atokaye Webuye kuelekea Kitale hukunja kushoto hapo Kamukuywa, akauingia mji huu ulio chini ya Mlima Elgon. Tulipokuwa huko, asubuhi ilikuwa ya jua, na alasiri wingu likaufunika mlima. Kabla ya tone la kwanza, kina mama walikwisha kuanua mahindi na maharagwe yao uani.

Juu ya mashamba ya kahawa kuna msitu wa mierezi na podo. Huko ndiko chanzo cha Mto Kuywa, uingiao Nzoia, na Nzoia huishia Ziwa Victoria. Msitu ukifyekwa, maji hayana wa kuyazuia. Huko Bududa, upande wa Uganda wa mlima huu huu, maporomoko ya Machi 2010 yalifukia vijiji, na watu wengi wakafa.

Mvua ni rehema, alhamdulillahi. Na msitu uipokeao ni amana. Nasi pwani amana yetu ni mikoko. Tuwafunze watoto kuitunza.