Krismasi Yetu Unguja

Kila ifikapo Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam kuja Upareni hujaa. Watoto wetu walioko mijini hurudi nyumbani kula sikukuu pamoja na wazee. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyowalea watoto wetu. Kwa hiyo sisi akina mama wa kikundi cha kanisa hapa Ndungu tuliposema kwamba tutakwenda kula Krismasi Unguja, wengi walishangaa. Je, ni vema mama aondoke nyumbani siku kama hiyo, akawe mgeni wa watu?

Tuliweka akiba kidogo kidogo tangu mavuno ya mpunga. Tulizungumza na waume zetu mapema, na baadhi yao wakafuatana nasi pamoja na watoto wakubwa. Wazee tuliwaachia mchele, sukari na mtu wa kuwapikia. Kisha tukapanda basi, tukapita Kihurio hadi Mkomazi, tukashika barabara kuu ya Dar es Salaam. Kesho yake tulivuka bahari kwa boti, mwendo wa saa mbili hivi.

Joto na ukarimu

Desemba kisiwani ni joto, na upepo wa kaskazi huvuma kutoka baharini. Maembe yamejaa sokoni. Jioni, pale Forodhani mbele ya Ngome Kongwe, watu huuza urojo, mishikaki, pweza na maji ya miwa. Watoto wetu, waliozoea mifereji ya mashamba ya mpunga, walisimama ufukweni wakishangaa maji yasiyoonekana mwisho.

Wenyeji walio wengi ni Waislamu, kwa hiyo hatukukuta nyimbo za Krismasi kila duka. Hata hivyo, mama jirani wa nyumba tuliyofikia alituletea sahani ya mikate ya kumimina, akatutakia sikukuu njema. Sisi nasi tulimpelekea mchele wa Ndungu. Tulijifunga khanga vizuri kila tulipotoka, maana mgeni mwema huheshimu desturi za wenyeji wake.

Ibada Mkunazini

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda kusali katika Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwezi Juni mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi mwaka 1877. Lakini utumwa wenyewe haukukoma mara moja; uliendelea kuwa halali kisiwani hadi mwaka 1897.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru panapokumbukwa mti wa kuchapia watumwa. Karibu yake upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Yeye alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Huko nje ziko sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998.

Mama mwenzetu, hapo ndipo tulipokaa kimya. Misafara ya biashara ya zamani ilipita bonde la Pangani, chini ya milima yetu, na watu wa Upare nao walikamatwa wakauzwa pwani. Mama alisimama sokoni mkono mtupu, mtoto wake akiwa amepelekwa kwa mnunuzi mwingine. Sisi tuliondoka nyumbani kwa hiari, tukiwa na nauli ya kurudi. Wao hawakuwa nayo. Tulipoimba habari za Mtoto aliyezaliwa ugenini, mama yake hana hata chumba, kila mmoja wetu alimvuta wake karibu.

Basi swali lile likapata jibu. Ni vema kwenda, ikiwa tutarudi tukiithamini zaidi nyumba tuliyoiacha. Kabla ya mwaka mpya tulikuwa Ndungu, na watoto wakawasimulia babu na bibi zao yale waliyoyaona.

Ukitaka kwenda

Kwa kuwa miongoni mwetu tumo wauguzi, tunashauri haya. Chukua kitambulisho chako. Anayechafukwa moyo ndani ya chombo apate dawa mapema kwa ushauri wa mganga, na asipande boti akiwa ameshiba sana. Kunyweni maji safi kwa wingi, na laleni ndani ya chandarua. Mtoto asiachwe baharini peke yake hata dakika moja, ingawa maji yanaonekana ni machache. Na panga fedha na mumeo kabla ya safari, ili Januari isiwakute bila ada ya shule.

Zaidi ya yote, usiende kisiwani kuogelea tu. Tenga saa moja uende Mkunazini na watoto wako, uwaeleze palitokea nini, na mshukuru pamoja. Bwana awalinde katika safari zenu, na awarudishe nyumbani salama.