Likizo za Busibwabo

Mzazi wa mjini asidhani matembezi ya watoto ni hoteli za pwani peke yake. Wangu wawili, wa miaka minane na mitano, huenda Busibwabo kwa nyanya yao kila shule zinapofungwa.

Aprili ni mvua, na kwangu ndiyo likizo tamu, hata kwa matope yake. Nyanya huwaketisha kando ya kichuguu (kwetu kichuguu kina mwenyewe, si cha kila mpita njia) na kuwapa vijiti wagonge kigogo polepole, ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha, watoke. Huyu mdogo hakujua Kikhayo, naye nyanya Kiswahili chake ni cha sokoni. Zamani walitazamana tu kama wageni, jambo lililoniuma sana. Pale kichuguuni wakalazimika kusemezana: gonga, ngoja, funika, kula! Kufikia jioni mtoto alikuwa akimwita Kukhu na kubishana naye juu ya mbawa.

Agosti tunashuka Sio Port kutazama omena wakianikwa. Desemba, jua likiwaka, tunapita Malaba kwenye misururu ya malori hadi Kakapel, yenye michoro ya kale mwambani. Njiani nawaeleza jinsi jina “boda boda” lilivyozaliwa mpakani huku miaka ya 1960, waendesha baiskeli wakivusha abiria kati ya Kenya na Uganda.

Mdogo hasikilizi. Kukhu amemwahidi kichuguu chake mwenyewe Aprili ijayo.