Plagi Kiunoni

Mwezi uliopita niliuza randa yangu ya umeme, na mnunuzi, kijana wa Bunju mwenye haraka ya kuwahi daladala, alipoona plagi yake nimeitia ndani ya kifuko cha kitambaa na kuifunga uzi, alicheka akaniuliza, "Mzee wangu, hii nayo huvalishwa?" Kicheko kile ndicho kilichonitia kalamu mkononi.

Utoto wangu hauna kisa kirefu. Nilizaliwa hapa Mapinga kabla barabara ya Bagamoyo haijaona lami, nikasoma juzuu zangu chuoni, nikamaliza darasa la saba, na baba, aliyekuwa mtu wa minazi, akanipeleka Bagamoyo mjini kwa seremala wa milango ya nakshi.

Marehemu maalim wangu, Mola amrehemu, alikuwa mtu wa keekee, juba na patasi, na aliweza kuijua mninga na mkongo kwa harufu ya unga wake tu. Umeme ulimfika utu uzimani, naye aliupokea kama muungwana anavyompokea mgeni asiyeijua nasaba yake: alimkaribisha barazani, walakini hakumpa ufunguo wa ndani. Kila alipotaka kubadili jino la msumeno, au kuondoa kibanzi kilichokwama, au hata kupangusa vumbi tu, alikwenda mwenyewe kuichomoa plagi, akaja nayo, akaichomeka kiunoni katika pindo la kikoi chake, ndipo akainama juu ya mashine. Na ikiwa waya haukufika, tulilazimika kuibeba mashine hadi ulipofika. Sisi wanagenzi tulimcheka kwa siri, kwani alionekana kama beberu aliyefungwa kambani. Hujja yake ilikuwa moja: mashine iliyonyamaza na mashine iliyozimwa, kwa jicho, ni kitu kimoja.

Hujja hiyo sikuifahamu hadi mwaka 2006, ukame ulipolikausha bwawa la Mtera na nchi nzima ikaingia katika mgao wa umeme. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika karakana ya mtu ambaye jina lake nalisitiri, na huko ada ya maalim ilihesabiwa ushamba. Msumeno wa mkononi ulikuwa umepinduliwa na kukazwa chini ya meza, meno yakitokeza juu, na swichi yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili isirudi. Umeme ulikatika ubao ukiwa nusu. Tulikaa, tukanywa kahawa, tukasahau. Na mwanagenzi mmoja, kijana hodari asiyependa kukaa bure, akaona heri autoe ule ubao uliobana. Umeme ukarudi bila kupiga hodi.

Mwenye karakana alisema ni kudra, na tena kwamba swichi ya ukutani, lau ingezimwa, ingetosha. Katika kudra sikubishana naye. Katika swichi nilibishana, na mpaka leo nabishana na kila anayemnukuu: swichi ya ukutani huweza kuwashwa na mtu wa tatu anayetaka kuchaji simu yake, ilhali plagi iliyo kiunoni mwangu haiwashwi na yeyote ila mimi. Naye hakunijibu, alinilipa ujira wangu nikaondoka.

Nanyi vijana mnaotumia vijiti vya kiberiti kubania nyaya uchi katika soketi, mmezaliwa na akili timamu, kisa gani hiki? Wengine mmekata waya wa eathi kwa kuwa plagi mliyoipata ina miguu miwili, na mnajitetea kuwa ipo fyuzi. Fyuzi ya ampea 13 hulinda waya, haimlindi mtu. Mwanadamu huweza kuuawa na mkondo usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea moja, sembuse masika, mtu amesimama pekupeku juu ya sakafu mbichi. Ni kweli, ziko mashine zenye alama ya mraba ndani ya mraba ambazo hazihitaji eathi. Basi isomeni alama kabla ya kutoa fatwa. Na ule waya mrefu mnaouacha umeviringwa kama nyoka huku ukivuta kazi nzito, ukunjueni wote, kwani hupata moto ukajiyeyusha. Glovu pia nazikataa mbele ya kitu kinachozunguka: kitambaa kikinaswa, huvuta mkono wote. Hapo najua mafundi wengi hawaniungi mkono, nami siwaombi.

Yule mwanagenzi hakurudi katika useremala. Siku hizi ana duka la mahitaji ya nyumbani karibu na stendi, na tukikutana Ijumaa baada ya swala, huuficha mkono wa kulia katika kanzu, akanipa wa kushoto.