Mabati au kasri: Safari ya mwalimu mstaafu wa Kilimatinde

Mabati 12 au kasri la Sultani? Hilo ndilo lililoleta ubishi wa wiki mbili nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kilimatinde, wilayani Manyoni, baada ya kuuza alizeti mwaka 2019. Paa la jiko lilikuwa linavuja, na mkewe alikwisha kuipangia kazi kila shilingi. Mwalimu naye alikuwa na lake. Kwa zaidi ya miaka 30 alifundisha historia, akachora ubaoni Beit al-Ajaib na njia ya misafara ya pembe za ndovu, bila kuikanyaga Unguja hata siku moja.

Paa lingeweza kungoja msimu mmoja. Macho hayakuwa na hakika hiyo. Mwalimu alikwisha kuambiwa kuwa ana presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma. Ugonjwa huu huharibu taratibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi bila maumivu, na kwa kawaida huanza kupunguza uwezo wa kuona pembeni. Ndiyo maana alikuwa akijigonga kwenye fremu za milango huku gazeti akilisoma vizuri. Dawa ya matone, ikitumiwa kila siku bila kuruka, husaidia kulinda uoni uliobaki. Uliopotea haurudi.

"Nyumba ya Masultani inatuhusu nini sisi, baba watoto?" mkewe alimuuliza.

Aliyewapatanisha ni binti yao mkubwa. Alisema mzee aende, lakini mama aende naye, maana ngazi za nyumba za kale si za kupanda peke yake mtu asiyeona pembeni. Masharti yakawekwa: matumizi yasizidi shilingi 240,000 kwa wote wawili, wasikope, na fedha za VICOBA zisiguswe. Matone yatakaa kwenye pochi ya mama.

Walipanda treni ya kawaida Manyoni, daraja la tatu, wakiwa na viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na chupa ya chai. Dar es Salaam walilala kwa mpwa wao Temeke. Asubuhi walipanda boti wakiwa na vitambulisho vya taifa mkononi, kwa sababu mwananchi hulipa nauli ndogo kuliko mgeni, na makumbusho ni hivyohivyo. Ulikuwa msimu wa kusi na bahari ilichafuka. Mama alitapika njia nzima, mwalimu akimshikia mfuko. Unguja walipokewa na mwanafunzi wake wa zamani anayeishi Michenzani. "Shikamoo, mwalimu," alisema, akachukua mzigo. Gharama ya nyumba ya wageni ikawa imeondoka. Chakula cha mchana kilikuwa urojo.

Kasri lenyewe liko Mji Mkongwe, mbele ya bahari. Jengo la awali liliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Lililojengwa upya lilikuwa makazi ya Masultani hadi Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Mwalimu alitembea polepole, akigeuza kichwa chote kila mara ili aone kilichopo kulia na kushoto. Kwenye ngazi, mama alimshika mkono.

Katika chumba cha kumbukumbu za Bibi Salme, mama ndiye aliyegoma kutoka. Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Baada ya kufiwa na mume alirudi mwaka 1885 kudai urithi wake, lakini hakuupata.

"Hata binti wa mfalme?" mama aliuliza. Kwao, baba yake alipofariki, mashamba waligawana kaka zake. Hakuwahi kulisema jambo hilo mbele ya mumewe kwa sauti ile. Mwalimu hakujibu upesi. Baadaye, wakiwa wamekaa kwenye benchi Forodhani, aliahidi kuwa shamba lao litaandikwa kwa majina mawili, na mabinti watapata sawa na wavulana.

Kisha akalijibu lile swali la nyumbani. Misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa njia na kwa maji. Pembe zilizobebwa mabegani mwa wapagazi zilikuwa sehemu ya utajiri wa Unguja, pamoja na karafuu na jasho la watumwa. Kwa hiyo kasri lile liliwahusu tangu zamani. Hawakuwa wamealikwa tu.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, waliliona kwa nje tu, kwa kuwa lilifungwa kwa sababu ya ubovu. Mwalimu alisimama mbele yake mpaka jua likashuka, akahesabu nguzo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Habari hiyo aliisikia redioni akiwa Kilimatinde. Kufikia wakati huo kusoma gazeti kulikuwa kumeanza kumshinda.

Waliporudi kutoka Unguja walikuwa wamebakiwa na shilingi 11,000. Mama alizitumia kuwalipia nauli watoto wawili waende kupimwa macho, kwa kuwa ndugu wa damu wa mwenye glakoma wako kwenye hatari kubwa zaidi, hata kama wanaona vizuri. Kijana mmoja alikutwa na dalili za mwanzo, akaanzishiwa matone mapema kuliko baba yake.

Mabati yalinunuliwa baada ya mavuno yaliyofuata. Hati ya shamba ina majina mawili.