Ukuta Mweupe na Uwanja wa Barafu

Nyumba ndogo humfundisha mtu kupima. Mwenye jumba huweka chombo mahali apendapo, na kikimchosha hukihamisha. Mwenye chumba kimoja hupima kwanza, kisha huweka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nami nafundisha Kiswahili Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mji uliokaa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi baina ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Wakati wa baridi maziwa hayo huganda hata watu wakatembea juu yake. Chumba changu kina urefu wa mita nne na nusu, na ndani yake mna kitanda, meza, jiko na vitabu. Humo nilikusudia kuweka projekta, ili wageni wapate pa kutazama na mimi nipate sababu ya kuwaalika.

Projekta hununuliwa kwa macho na wengi, lakini hutumika kwa hesabu. Kila moja ina uwiano wake, nao ni umbali wa kutoka lenzi mpaka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha. Yenye uwiano wa 1.5 ikiwekwa mita 3 kutoka ukutani hutoa picha yenye upana wa mita 2. Na kwa kuwa picha za siku hizi ni 16 kwa 9, kimo chake huwa kama sentimita 112. Yenye uwiano wa 0.5 hutoa picha ile ile ikiwa mita 1 tu kutoka ukutani. Katika jumba tofauti hii ni ndogo. Katika chumba ni tofauti ya uungwana. Ile ya kwanza hupitisha nuru juu ya vichwa vya wageni, na kila ainukaye kufuata chai huwatia wenzake kivuli. Ile ya pili hukaa mbele ya watu wote, na hakuna mtu ambaye mwili wake huwa kizuizi. Niliichagua ya pili, ingawa hudai ukuta ulionyoka zaidi.

Nuru nayo haina ukarimu usio na mwisho. Ukizidisha upana wa picha mara mbili, eneo lake huwa mara nne, na kila sehemu hupata robo tu ya mwanga wa kwanza. Kwa hiyo mwenye chombo cha nguvu ndogo na aridhike na picha ya kiasi, anunue pazia zito, na apake ukuta rangi nyeupe isiyong'aa. Picha ikipinda, ni heri kukinyoosha chombo chenyewe kuliko kuiamuru mashine ikate pembe, kwa maana ikatapo pembe hupoteza baadhi ya nukta za picha. Na kipaza sauti kisicho na waya mara nyingi huchelewesha sauti nyuma ya midomo. Waya mfupi huondoa aibu hiyo.

Tulichotazama zaidi ni hoki ya barafu. Mpira wake si mpira wa duara bali ni kisahani kigumu cheusi chenye kipenyo cha sentimita 7.62, na uwanja wa ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini una urefu wa mita 61. Uwanja mzima ukionyeshwa katika upana wa mita 2, kisahani hicho huwa na milimita mbili na nusu, kama mbegu ya ufuta. Katika kioo chenye upana wa sentimita 60 hakifiki hata milimita moja. Ndiyo maana mchezo huu humchosha mgeni: huona watu wakikimbia, asione wanachokifukuza. Ukuta wangu ulinionyesha ufuta ule, na nilipouona nilitamani kuugonga mwenyewe.

Wala mtu wa pwani asichekwe kwa tamaa hiyo. Uwanja wa barafu ulifunguliwa Nairobi, katika hoteli ya Panari, mwaka 2005, na wachezaji wa timu ya Ice Lions iliyokulia hapo walialikwa Toronto mwaka 2018. Kuteleza hujifunzwa. Kilichonizuia hakikuwa baridi wala umri.

Mimi ni mwanamume apendaye wanaume. Naliandika jambo hili kwa maneno machache kwa kuwa limekaa kimya miaka mingi, na kwa kuwa nilikozaliwa sheria hulitishia kifungo cha hata maisha. Asiyefahamu hoki hudhani kuwa mchezo uko uwanjani. Nusu yake iko katika chumba cha kuvalia, ambamo watu wazima huketi kitako ubavu kwa ubavu nusu saa, wakifunga kamba za viatu na kusimuliana habari za nyumbani. Katika kikundi kimoja nilichojaribu, mzaha uliopendwa ulikuwa juu ya watu kama mimi. Hakuna aliyenielekezea kidole, hawakunijua. Lakini mtu anayechekwa bila kujulikana hubeba mizigo miwili, wa kicheko na wa kujificha.

Michezo mikubwa haikuwa imetangulia njia. Brendan Burke, mwana wa kiongozi mashuhuri wa hoki, alijitangaza mwaka 2009 na akafa katika ajali ya gari mwezi Februari 2010; mwaka 2012 jamaa zake walishiriki kuanzisha You Can Play, jumuiya ya kutetea wachezaji kama yeye. Mwaka 2016 Harrison Browne, aliyecheza katika ligi ya kulipwa ya wanawake, alitangaza kuwa yeye ni mwanamume. Luke Prokop alijitangaza Julai 2021, wa kwanza kufanya hivyo akiwa na mkataba na timu ya ligi kuu. Kisha mwaka 2023 ligi hiyo iliacha fulana za heshima wakati wa kupasha mwili, ikakataza utepe wa rangi za upinde wa mvua juu ya magongo, na mwezi ule ule wa Oktoba ikaondoa katazo baada ya mchezaji Travis Dermott kuutumia.

Wadogo walikuwa wameshatenda. Hapa Madison chama cha hoki cha watu wa mapenzi ya jinsia moja na marafiki zao kilianzishwa mwaka 2006, nacho hupokea hata wasiojua kuteleza. Mwezi Novemba 2019, katika jimbo la Massachusetts, timu ya wachezaji waliobadili jinsia, Team Trans, ilicheza na Boston Pride Hockey.

Atafutaye kikundi cha namna hii asitosheke na bendera mlangoni. Na aulize: Je, mchezaji huandikwa kwa jina analolitumia? Chumba cha kuvalia kina kanuni gani, na nani huzisimamia? Atukanaye hufanywa nini, na aliyetukanwa huambiwa nini? Anayeanza hufundishwa, au huachwa aanguke? Majibu ya maswali haya ndiyo uwiano wa kikundi: huonyesha nani atakaa katika nuru na nani atafanywa kivuli.

Dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga. "Kaka, huko kwenye barafu unacheza na nani?" Nikamjibu, "Nacheza na watu ambao sina haja ya kuwadanganya." Alinyamaza, kisha akaniuliza bei ya viatu. Sijui kama alifahamu, au alifahamu akachagua viatu. Nilimtajia bei, naye akasema ni ghali mno.

Watu saba hukaa chumbani mwangu sasa siku za mchezo, wawili kitandani, wengine mkekani. Baadhi yao wana wake na watoto. Wengine ni kama mimi. Mmoja alibadili jina na kwetu jina hilo ndilo lake. Nafasi haikuongezeka hata inchi moja. Udogo wa mahali si sababu ya kumtoa mtu nje. Ni sababu ya kupima vizuri zaidi, na kipimo cha kwanza ni pale anapoketi yule aliyezoea kusimama.